Breki za Mzee Lori

Gari la baba mkwe lilianza kwa kunitia aibu, hofu ikaja baadaye.

Mimi ni fundi wa magari, na kazi yangu hasa ni breki. Watu hutoka mitaa ya mbali kuniletea magari yanayovuta upande, yanayolia, yanayochelewa kusimama, na wanaondoka wameridhika. Lakini gari la mzee, kigari kidogo cha otomatiki kisicho na mbwembwe yoyote, lilinishinda mara mbili. Ukikanyaga breki linatetemeka. Usukani unacheza mikononi, dashibodi inagonga, na mwendo ukiwa mkali hata meno yanagongana kinywani.

Mara ya kwanza sikuumiza kichwa. Usukani ukitetemeka wakati wa breki, tazama magurudumu ya mbele. Kiti kikitetemeka, tazama ya nyuma. Huu ulikuwa usukani. Nikafungua magurudumu ya mbele, nikapima diski, zile sahani za chuma ambazo pedi huzibana gari lisimame, nikakuta zimepinda. Nikaweka mpya, na pedi mpya, nikalipeleka barabarani kulijaribu. Likasimama kimya kabisa. Mzee alinipigapiga begani, jambo ambalo kwake ni hotuba ndefu.

Haukupita muda mrefu, mtetemeko ukarudi. Hapo nikaanza kujitilia shaka. Labda nilifunga diski juu ya kutu, maana punje moja tu ya kutu nyuma yake inatosha kuikalisha upande. Labda nilikaza nati ovyo, hii sana na ile kidogo. Nikafungua tena. Nikasugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, nikaweka diski nyingine, nikakaza nati kwa zamu na kwa kipimo. Gari likatulia. Halafu, ndiyo, likarudi tena na kutetemeka kwake. Gereji nzima ikapata cha kuongea.

"Fundi, hilo gari la ukweni lina majini nini?" mpiga rangi alinipigia kelele kutoka kwenye banda lake.

Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mimi nina hasira za karibu, na mpiga rangi anajua hivyo, ndiyo maana ananichokoza.

Mke wangu hakuona cha kuchekesha. Mzee ni baba yake, na kila asubuhi mzee ndiye anayempeleka mtoto wetu shule kwa gari hilo. Mji wetu uko juu, shule iko chini bondeni, na katikati kuna mteremko mrefu wa kona tupu, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili hakuna kitu. Mzee alikuwa dereva wa lori maisha yake yote mpaka alipostaafu. Mtaani wanamwita Mzee Lori, na hajui kuendesha kwa woga. Mtoto wetu ndiyo kwanza yuko darasa la kwanza. Tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi, hata usingizini anaongea.

"Simu ikilia asubuhi moyo unanidondoka," mke wangu aliniambia siku moja tukiwa jikoni. Alikuwa ameshika kisu, na kitunguu kilikuwa kimesahaulika mkononi. "Nasema hii ndiyo simu yenyewe. Wewe ndiye fundi humu ndani. Hilo gari litaniulia baba na mtoto kwa mpigo mmoja, na wewe unaniambia utaliangalia."

"Basi mwambie baba yako aliegeshe."

"Mwambie wewe."

Tukatazamana. Yeye ni binti aliyelelewa kwa jicho la yule mzee, mimi ni mkwe. Hakuna kati yetu aliyewahi kumwambia hapana. Aliweka kisu mezani.

"Kesho panda nao," akasema. "Kaa humo humo ndani, lisikilize, ujue lina nini. Usinirudie bila jibu."

Kwa hiyo asubuhi iliyofuata nikapanda. Nilikaa mbele kushoto kwa mzee, Chiriku nyuma yangu, mahali pake pa siku zote. Alikuwa ameshika simu ya babu yake akicheza mchezo wa kupasua mapovu, na mdomo ukienda kama kawaida. Mara mwalimu wao ana meno makubwa, mara rafiki yake amehama dawati, mara baba leo amepanda gari la babu kwa sababu lake bovu.

"La baba yako halijawahi kuwa zima," mzee akasema, wakacheka wote wawili.

Tulipofika kichwa cha mteremko nikaona jambo la kwanza. Mzee hakugusa gea. Aliacha kijiti pale pale kilipo, akaweka mguu kwenye breki, na mguu haukuondoka.

"Baba," nikasema kwa adabu, "ukishusha gea, injini inakusaidia kulizuia."

"Gea?" Alikitazama kijiti kwa dharau. "Hiki si gea, mkwe wangu. Lori ndilo lilikuwa na gea. Unapigana nayo kwa bega, na yenyewe inakujua. Hiki ni kijiti cha kina mama wa ofisini."

Mtu aliyeshusha mizigo ya tani nyingi kwenye miteremko mibaya kuliko ule alikuwa anategemea breki peke yake, kwa sababu tu gari la otomatiki alilihesabu kuwa si gari. Harufu ya pedi zilizoungua ikaanza kuingia dirishani.

Kona ya kwanza, usukani ukatikisika kidogo. Ya pili, dashibodi ikaanza kugonga. Niliweka kiganja juu yake nikajaribu kufanya kazi iliyonileta. Mtetemeko ulikwenda na mzunguko wa gurudumu; mwendo ukipungua nao unapungua, mguu ukiachia nao unakoma. Basi ni diski tena. Diski nilizofunga kwa mikono yangu, nilizopima, nilizoapa kwamba ziko sawa. Lakini kila kona ilitikisa zaidi ya ile iliyopita, na chini ya kule kutikisika nikaanza kusikia mlio mwingine, mkavu, upande wangu. Tak. Tak. Tak. Huo sikuufahamu, na kitu nisichokifahamu kwenye breki kinanitisha kuliko nyoka. Nilijikuta nimekaza miguu sakafuni kana kwamba nami nina pedali. Niliogopa, na sioni haya kusema.

Kisha nikagundua kuwa Chiriku amenyamaza. Niligeuka. Alikuwa amekumbatia simu kifuani, amefumba macho, midomo imebanwa.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Hapana. Huku nafumba macho tu. Kila siku."

Kila siku. Mtoto huyu hakuwahi kutuambia. Nilimtazama mzee, lakini yeye alikuwa ametulia, mkono mmoja kwenye usukani unaoruka, kama mtu anayebembeleza mtoto mkorofi.

Katikati ya mteremko pana uwanja wa changarawe ambapo malori hupumzika. Mzee akaingia hapo, akasimamisha, akavuta breki ya mkono.

"Hapa tunalipa maji," akasema.

Nilidhani anazungumzia rejeta. Akashuka, akafungua buti, akatoa dumu la maji. Akazunguka mpaka gurudumu langu la mbele, akainama, akamimina maji kupitia matundu ya rimu moja kwa moja juu ya breki. Chuma kililia. Mvuke ukapanda mweupe mpaka kifuani pake, na yeye akatabasamu ndani yake.

Niliruka nje. "Baba! Unafanya nini?"

"Nalipoza. Hujaona lori likishuka mlima? Linatoka moto, unalinywesha, linaendelea. Usiponywesha, breki zinakataa." Akahamia gurudumu la upande wa pili. Chuma kikalia tena. "Hamfundishwi haya huko mnakojifunzia."

Hilo ndilo lilikuwa jini la gari la ukweni. Kila siku ya shule, mzee aliunguza diski kwa mguu wake mzito, kisha akazimwagia maji ya baridi zikiwa bado zinawaka. Lori la zamani lina ngoma ya breki ya chuma kinene, pengine lilimvumilia. Diski ya kigari kile ni nyembamba kama sahani. Kwa maji yale ilikuwa inapinda, na sasa nikaelewa kwamba kupinda kulikuwa ni mwanzo tu.

Nikapiga magoti kwenye changarawe, nikawasha tochi ya simu, nikachungulia kwenye matundu ya rimu ya gurudumu la kushoto. Diski ilikuwa na rangi ya bluu kwa kuungua. Nikaona mstari mweusi, mwembamba. Nilitaka uwe uchafu. Nikachomoa bisibisi mfukoni, nikapitisha ncha yake. Ikanasa. Nikaufuata ule mstari na ncha ikiwa imezama ndani yake, kutoka ukingo wa nje mpaka unapopotea ndani kwenye kitovu. Diski ilikuwa imepasuka kabisa. Ule mlio mkavu ulikuwa ni ufa ukigonga pedi kila gurudumu linapozunguka, na nusu ya pili ya mteremko ndiyo yenye kona kali.

Niliinuka kwa kushika boneti.

"Baba, gari hili haliendi zaidi ya hapa."

Mzee alikuwa anatikisa dumu kumaliza matone. "Unasemaje?"

"Diski imepasuka. Njoo uone mwenyewe. Ukikanyaga breki kwa nguvu huko chini inavunjika, na ikivunjika pedali inazama mpaka sakafuni. Tutasimamisha gari lingine, tushuke nalo."

Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimemwambia hapana. Sauti ilinitoka nyembamba, lakini ilitoka. Aliniangalia kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Ni wewe uliyeifunga hiyo diski?"

"Ni mimi, baba."

"Mara ya ngapi hii?"

Nilifuta ncha ya bisibisi kwenye suruali.

"Basi kazi yako ni mbovu, usiitafutie sababu kwenye maji yangu." Hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nimeshuka milima na matairi yanawaka moto, mkwe wangu, wewe ukiwa hujazaliwa. Mtoto anachelewa. Mfunge mkanda vizuri twende. Na kama unaogopa, baki."

Akaelekea nyuma kurudisha dumu kwenye buti. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Ningefanya nini, nimkabe mzee wa watu, baba wa mke wangu, barabarani? Nilifikiria kumkaba, kweli nilifikiria, na mikono haikukubali. Nikafungua mlango wa Chiriku. Kifuniko cha buti kilikuwa juu, mzee hatuoni. Sikumfunga mkanda. Niliufungua, nikamtoa mtoto na simu yake mkononi, nikambeba, na kwa hasira nikaubamiza mlango.

Nilitegemea angekuja upande wetu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yake yote. Badala yake buti likafungwa, mlango wa dereva ukafunguliwa na kufungwa, injini ikawaka, na gari likaondoka.

"Baba! Simama! Baba!"

Nilipiga buti kwa kiganja. Akatoa mkono dirishani, akaupunga mara moja bila kugeuka, kumuaga mkwe aliyesusa. Ndipo nilipoelewa. Alikuwa amesikia mlango ukibamizwa. Aliniagiza nimfunge mtoto mkanda, akasikia mlango, basi. Alijua mjukuu wake yuko nyuma.

Nikampigia simu, vidole vikikosea namba. Simu ikaita mikononi mwa Chiriku.

"Ni wewe baba," akasema, akinionyesha kioo.

Nilimweka mgongoni nikaanza kukimbia. Barabara ilikuwa inateremka kiasi kwamba viatu vilikuwa vinanitangulia. Nilikuwa nasikiliza. Mwanzoni nilisikia injini, kisha breki zikigonga, mbali, chini yetu, tak tak tak tak, mpaka haikuwa tena milio mbalimbali bali kelele moja. Halafu kimya. Halafu mwamba na bati, mlio mrefu wa kukwaruza, na mwisho wake kishindo.

"Baba, nini hicho?"

"Nishike shingo, usiachie."

"Ni babu?"

Nilikimbia nikimwomba Mungu kwa sauti, nikimtukana mzee katika pumzi hiyo hiyo, na kumwomba radhi kabla tusi halijamaliza. Niliona kila kitu alichowahi kunifanyia. Niliona sura ya mke wangu nitakapomwambia. Katika kila kona niliogopa kugeuka, na kila nilipogeuka nikakuta barabara tupu, niliogopa zaidi, nikachungulia upande ule usio na kitu.

Kwenye kona moja kipande cha chuma kilikuwa kimelala katikati ya lami. Nilikijua kabla sijakifikia. Ilikuwa nusu ya diski, ya bluu. Kuanzia hapo hapakuwa na alama ya matairi yaliyofunga breki, kwa sababu breki hazikuwepo tena. Palikuwa na michirizi ya rangi ya gari ukutani. Mzee alikuwa amefanya jambo pekee lililobaki, amelipeleka gari kwenye mwamba na kulisugua nao ili lipunguze mwendo, kwa akili zake zote, bila kupoteza njia. Hilo, lori ndilo lililomfundisha.

Tulipozunguka kona iliyofuata tukalikuta. Mwamba uliochomoza ulikuwa umelipiga ubavu wa kushoto nyuma, likazunguka na kusimama likiwa limekata barabara. Mlango wa nyuma wa kushoto haukuwa mlango tena. Ulikuwa umeingia ndani mpaka umekutana na kiti, paa limeshuka juu yake, kioo kimemomonyoka. Pale alipokaa Chiriku pasingeenea hata mkoba wake wa shule.

Mzee alikuwa hai. Alikuwa amesimama kwenye mlango ule ule, ametugeuzia mgongo, ameweka mguu kwenye ubavu wa gari na anavuta bati kwa mikono miwili. Mikono ilikuwa inatoka damu mpaka kwenye viwiko. Shati lilikuwa limechanika. Alikuwa anaongea.

"Nakuja, Chiriku. Babu yuko hapa. Mlango umekwama tu, mama, ni mlango tu."

Nilitaka kumwita. Chiriku ndiye aliyeita, kutoka mgongoni kwangu.

"Babu!"

Mzee hakugeuka. Alifuata sauti kwa kuingiza uso kwenye tundu la dirisha.

"Nakusikia, mama, nakusikia! Usilie. Tulia hivyo hivyo, usijitingishe, babu anakutoa." Akavuta tena kwa nguvu ambazo sijui alizitoa wapi, na kitu kikalia kwenye bega lake au kwenye bati.

"Babu, niko huku!"

Akazidi kuvuta.

Nilimshusha mtoto, nikamwendea mzee, nikamshika mabega. Alinisukuma bila kunitazama. Nikamshika tena, safari hii kwa nguvu zangu zote, kama nilivyoshindwa kumshika kule juu, nikamgeuza. Chiriku alikuwa amesimama katikati ya barabara na simu mkononi, soksi moja imeshuka.

Mzee alimtazama. Akautazama mlango. Akamtazama tena. Akapiga magoti kwenye vioo, akamvuta, akamshika miguu, mikono, kichwa, masikio, kila mahali akiacha alama ya damu yake, na Chiriku akaanza kulia kwa sababu ya damu.

"Nilimtoa," nikasema. "Nilimtoa kabla hujaondoka. Nilikuita, baba."

Sijui kama alinisikia.

"Nimeongea naye njia nzima," akasema. "Breki zilipokata nikamwambia ainame. Hakuitika. Nikamwita tena, hakuitika. Nikasema, huyu ameogopa tu. Nikasema, ngoja nilisimamishe kwanza."

Akainuka kwa shida. Chiriku alimng'ang'ania shati, naye hakumtoa. Alirudi kwenye dirisha lililovunjika, akaingiza mkono wake wenye damu ndani ya bati lililokunjamana, akapapasa kiti polepole kutoka upande mmoja mpaka wa pili, kisha chini, penye miguu, akapapasa tena, akimtafuta mtoto aliyekuwa amemng'ang'ania shati.